Mkataba wa Mwajiri Anayeondoka: Madaktari wa Kenya na Ugatuzi wa Afya

Tarehe 27 Juni 2013 serikali ya Kenya ilitia saini mkataba wa pamoja na chama cha madaktari, KMPDU. Mkataba huo ulihusu mishahara na marupurupu, kupandishwa vyeo, masomo ya utaalamu, kuajiriwa kwa madaktari zaidi, na hali ya hospitali zenyewe. Aliyeweka saini upande wa serikali alikuwa wizara ya afya. Mwezi Agosti mwaka uleule, kupitia tangazo katika Gazeti Rasmi la Serikali, sehemu kubwa ya hospitali ambazo madaktari hao walikuwa wakifanyia kazi ikahamia mikononi mwa serikali za kaunti 47, ambazo magavana wake walikuwa hawajatimiza hata miezi 6 tangu waapishwe.

Kwa maneno mengine, aliyeahidi kulipa hakuwa tena mwenye nyumba, na aliyekabidhiwa nyumba hakuwa ameahidi chochote. Nadhani karibu kila mgomo mkubwa wa madaktari tulioushuhudia tangu hapo unaweza kufuatwa hadi kwenye pengo la wiki chache kati ya saini ile na tangazo lile. Ndiyo maana naona kisa hiki kinastahili kuchambuliwa polepole, kwa sababu kimesimuliwa mara nyingi kama hadithi ya watu wanaopenda pesa na wasiopenda kupelekwa mashambani. Wapo madaktari wa namna hiyo, kama walivyo mawakili na wahandisi wa namna hiyo. Lakini hoja yao ya msingi kuhusu mageuzi haya ilikuwa nyingine kabisa, na ilipuuzwa.

Tuanze na katiba. Katiba ya 2010 iligawa kazi za afya katika Jedwali la Nne. Serikali kuu ilibakiwa na sera ya afya na hospitali za kitaifa za rufaa, yaani Hospitali ya Kenyatta jijini Nairobi, ile ya Moi mjini Eldoret na nyingine chache. Kaunti zikapewa hospitali zilizosalia, vituo vya afya, zahanati, maduka ya dawa, ambulansi na afya ya msingi. Sababu ya kufanya hivyo ilikuwa nzito, na hakuna daktari mwaminifu aliyeikana. Kwa miaka 50 Afya House, makao makuu ya wizara jijini Nairobi, iliamua kila kitu, kuanzia dawa za zahanati ya Turkana hadi mlango wa wodi ya Kwale, na maeneo yaliyokuwa mbali na Nairobi yalikuwa mbali pia na bajeti. Mama aliyehitaji upasuaji wa kujifungua kaskazini mwa nchi alisafiri safari ambayo wengi hawakuimaliza.

Katiba hiyohiyo, katika Jedwali la Sita, iliruhusu kazi zihamishwe kwa awamu ndani ya miaka 3, kila kaunti ikipokea kulingana na uwezo wake. Awamu hizo hazikufuatwa. Magavana walitaka kila kitu kwa mkupuo, kwa kuwa kazi zilikuja na fedha, na afya ndiyo iliyokuwa kazi kubwa kuliko zote walizostahili kupewa. Serikali kuu nayo haikuwa na hamu ya kuonekana inapinga ugatuzi katika mwaka wake wa kwanza. Basi Agosti 2013 hospitali zikahama.

Zilihama na wafanyakazi wake, na hapa ndipo madaktari walipoanza kulalamika. Tarehe 10 Desemba 2013 wahudumu wa afya waligoma. Dai lao, lililowashangaza wengi, halikuwa nyongeza ya mshahara. Walitaka uhamishaji wa orodha ya mishahara kwenda kaunti usimamishwe. Magavana waliona ni dharau: watu walioajiriwa na umma wanakataa kufanya kazi chini ya viongozi waliochaguliwa na umma. Ukisikiliza kwa makini walichosema madaktari, utaona kilikuwa cha kiutendaji kuliko kisiasa.

Chukua daktari wa kawaida aliyeajiriwa mwaka 2011 na kupelekwa hospitali ya wilaya. Kabla ya 2013 njia yake ilijulikana. Angefanya kazi miaka kadhaa, kisha angeomba kwenda Chuo Kikuu cha Nairobi au cha Moi kusomea utaalamu, upasuaji au magonjwa ya watoto kwa mfano. Wizara ingeendelea kumlipa mshahara akiwa masomoni, na akihitimu ingempeleka popote alipohitajika nchini. Mkoa ambao ulimwachilia ungepata mwingine. Kwa hesabu ya taifa zima, mfumo huo ulikuwa na mantiki: kila mwaka wanaenda, kila mwaka wanarudi.

Sasa iweke hesabu hiyo kwenye meza ya kaunti moja. Hospitali ina madaktari wachache, na mmoja wao anaomba ruhusa ya miaka 4 kwenda kusoma Nairobi huku akilipwa. Bodi ya utumishi wa umma ya kaunti inajiuliza maswali ambayo ni halali kabisa. Nani ataziba nafasi yake? Akirudi akiwa mtaalamu, tutaweza kumlipa mshahara wa mtaalamu? Na tukimfunga kwa mkataba arudi, tuna chumba cha upasuaji cha kumpa? Kaunti nyingi zilijibu kwa kusema hapana, au kwa kukaa kimya na faili hadi mwombaji akachoka. Wengine waliondoka kwenda masomoni hata hivyo na mshahara ukasimamishwa. Daktari alipotaka kuhama, tuseme kutoka Garissa kwenda Kisumu kumfuata mwenzi wake, alikuta hakuna tena mtu mmoja wa kumwandikia barua ya uhamisho. Alihitaji kaunti moja ikubali kumwachilia na nyingine ikubali kumwajiri, na kila moja ilikuwa na ukomo wake wa mishahara.

Kisha mishahara yenyewe. Kaunti hulipa kutokana na mgao unaotoka Hazina ya Taifa, na mgao huo umekuwa ukichelewa mwaka baada ya mwaka. Hazina inapochelewa, gavana hana cha kutoa, na daktari wa zamu ya usiku hajui amlaumu nani. Gavana anasema fedha hazijafika. Nairobi inasema kaunti hazikupanga vizuri matumizi. Wakati huo kodi ya nyumba inadaiwa.

Hospitali za ngazi ya 5, zile zilizokuwa za mikoa, zilikuwa na tatizo lake, na nadhani ndilo linaloonyesha wazi zaidi jinsi mageuzi yalivyoandaliwa kwa haraka. Hospitali ya Kakamega haihudumii Kakamega peke yake. Wagonjwa hutoka Vihiga, Busia na kwingine. Chini ya wizara hilo halikuwa jambo la kuuliza. Chini ya kaunti, gavana anagharamia vitanda vinavyolaliwa na watu wasiompigia kura, kwa bajeti iliyokokotolewa kwa kuangalia wakazi wake. Ilibidi serikali kuu ianzishe ruzuku maalumu kwa hospitali hizo, ruzuku ambayo magavana wenye hospitali hizo na Hazina walikuwa wakibishana juu ya ukubwa wake. Madaktari bingwa wengi walikuwa katika hospitali hizo hasa, kwa hiyo mgogoro uliwafikia moja kwa moja kupitia wodi zisizo na vifaa.

Mkataba wa Juni 2013 ulilala kabatini wakati haya yote yakiendelea. Madaktari walipoudai, serikali ilijibu kwamba haukuwahi kusajiliwa mahakamani, kwamba Tume ya Mishahara haikushirikishwa, na kwamba kaunti, ambazo sasa ndizo waajiri, hazikuwa mezani ulipotiwa saini. Hoja hii ya mwisho ina ukakasi. Ni kweli kaunti hazikuwepo. Lakini serikali iliyosaini ilijua kwa hakika kwamba uhamisho unakuja, maana katiba iliuamuru. Madaktari wakasema, na mimi nawaunga mkono hapa, kwamba mtu hawezi kusaini deni akijua anahama kisha akatumia kuhama kwake kama sababu ya kutolipa.

Tarehe 5 Desemba 2016 mgomo ukaanza. Ulidumu siku 100. Vyombo vya habari vilishikilia tarakimu moja: nyongeza iliyotajwa kufikia asilimia 300 kwa baadhi ya madaktari. Serikali ilitoa asilimia 40, wakakataa. Tarakimu hiyo iliwadhuru vibaya, kwa sababu mwananchi anayelipwa kidogo akiisikia hasikii tena kitu kingine, na vipengele vya mkataba kuhusu vifaa, masomo na idadi ya madaktari vikazama. Chama kinabeba lawama yake katika hilo. Wenye uwezo walikwenda hospitali za kibinafsi, wasio nao walibaki nyumbani, na wengine walifia huko. Hakuna uchambuzi wa mgomo wa madaktari unaoruhusiwa kuruka sentensi hiyo.

Tarehe 13 Februari 2017 jaji wa Mahakama ya Ajira aliwahukumu viongozi 7 wa chama kifungo cha mwezi mmoja kwa kukaidi amri ya kusitisha mgomo. Siku 2 baadaye Mahakama ya Rufaa iliwaachilia ili mazungumzo yaendelee, huku Chama cha Mawakili na Tume ya Haki za Binadamu wakisimamia usuluhishi. Kufungwa kwao kulifanya kile ambacho miezi miwili ya mikutano ya wanahabari haikufanya: hata madaktari wa hospitali za kibinafsi walisimamisha kazi kwa muda kuwaunga mkono. (Katibu mkuu wa chama aliyekuwa miongoni mwa waliofungwa, Dkt. Ouma Oluga, aliteuliwa mwaka 2025 kuwa Katibu wa Huduma za Matibabu katika wizara ileile. Siasa za afya za Kenya hazikosi vituko.)

Tarehe 14 Machi 2017 makubaliano ya kurudi kazini yalitiwa saini. Safari hii magavana walikuwa mezani pamoja na wizara. Ukiniuliza mafanikio ya kweli ya siku zile 100, nitakutajia hilo kabla ya fedha: kwa mara ya kwanza ilikubalika kwa maandishi kwamba daktari wa umma ana waajiri wawili na wote wawili lazima wawajibike. Mkataba mpya ulifuata mwaka huohuo. Wauguzi nao waligoma kuanzia Juni hadi Novemba 2017, kwa manung'uniko yanayofanana sana, lakini wao hawakupata hata robo ya umakini waliopewa madaktari.

Kuna mradi mmoja wa miaka hiyo unaoonyesha tofauti ya mawazo kati ya madaktari na serikali kuliko hotuba yoyote. Mwaka 2015 serikali kuu ilitia saini mikataba ya kukodisha vifaa vya kisasa kwa hospitali, kwa kawaida hospitali 2 kila kaunti, kwa bei ya awali ya shilingi bilioni 38. Mashine za kusafisha damu ya wagonjwa wa figo, vifaa vya vyumba vya upasuaji, vya wagonjwa mahututi na vya picha za eksirei. Kaunti zilikatwa gharama hiyo kila mwaka, kwanza shilingi milioni 95 na baadaye milioni 200, baadhi yao zikilalamika kwamba hazikuwahi kuulizwa zinahitaji nini. Madaktari walisema mapema kwamba mashine haijisomi. Picha ya eksirei inahitaji mtaalamu wa kuitafsiri, kitengo cha wagonjwa mahututi kinahitaji mtaalamu wa ganzi na wauguzi waliofunzwa, mashine ya figo inahitaji maji safi yasiyokatika. Katika hospitali kadhaa vifaa vilikaa bila kutumika kwa kukosa watu, umeme au maji, na kamati ya Seneti ilipochunguza ilitoa ripoti kali mwaka 2020.

Hapo sioni jinsi ya kuwatetea wenye mradi. Madaktari walikuwa wakiomba ruhusa ya masomo ili wawe wataalamu hao hao, kaunti zikasema hazina fedha, na fedha hizo hizo zikakatwa kulipia mashine zilizosubiri wataalamu.

Lakini tiba waliyopendekeza madaktari ndiyo inayonipa shaka. Tangu mwanzo KMPDU imedai iundwe tume ya kitaifa ya wafanyakazi wa afya, kwa mfano wa Tume ya Huduma za Walimu. Hospitali zibaki na kaunti, madaktari waajiriwe na tume, wapelekwe, wapandishwe vyeo na kusomeshwa nayo. Kwa daktari hilo linatatua karibu kila kitu nilichokieleza hapo juu. Sheria ya Afya ya 2017 iliwapa kivuli chake tu: baraza la ushauri kuhusu wafanyakazi wa afya, lisiloajiri wala kulipa mtu.

Shida ni kwamba gavana aliyechaguliwa kuboresha afya, bila mamlaka juu ya mtu hata mmoja anayetibu, atakuwa msimamizi wa majengo. Walimu wanatajwa kama mfano mwema, lakini tuwe wakweli: upungufu wa walimu kaskazini mashariki haujaisha kwa kuwepo kwa tume, na walimu walipohamishwa kwa wingi kutoka maeneo yenye mashambulizi ni tume hiyohiyo ya kitaifa iliyoacha madarasa matupu. Tume haina dawa ya mtu asiyetaka kwenda Mandera, kule mpakani na Somalia.

Tena kuna kaunti zilizofanya vizuri, na madaktari wanaozisimamia hawakubaliani na chama chao. Makueni chini ya Gavana Kivutha Kibwana ilianzisha mwaka 2016 mpango uliomruhusu mkazi kutibiwa katika hospitali za kaunti bila kulipa papo hapo, baada ya familia kujiandikisha kwa shilingi 500 kwa mwaka. Jambo kama hilo lisingeanzia Afya House, ambako mpango wowote ulipaswa kufanana nchi nzima ndipo uanze. Ukizungumzia "maoni ya madaktari" kana kwamba ni kitu kimoja, unamsahau mkurugenzi wa afya wa kaunti, ambaye ni daktari, anayepambana kuajiri. Unamsahau bingwa mwenye kliniki yake ya jioni ambaye mgomo haumpunguzii kipato. Na unamsahau kijana aliyemaliza chuo na hajaitwa kazini na yeyote. Chama kilizungumza kwa niaba yao wote, na kwa kawaida kilizungumza kama daktari wa kawaida, aliyeajiriwa na asiyepandishwa cheo.

Yule kijana ndiye aliyeumizwa zaidi na jibu la serikali kwa upungufu wa wataalamu mashambani. Juni 2018 waliletwa madaktari 100 kutoka Cuba na kusambazwa kaunti mbalimbali. Chama kilipinga kwa hoja kwamba kuna Wakenya waliosoma na wako nyumbani. Hoja hiyo ilikuwa na nguvu, ingawa Wacuba walikuja kama mabingwa na vijana wengi wa nyumbani walikuwa madaktari wa kawaida. Aprili 2019 wawili kati ya Wacuba hao walitekwa mjini Mandera wakienda kazini, na afisa wa polisi aliyekuwa akiwalinda akauawa. Mpango ulifikia kikomo 2023. Wasichosema wengi ni kwamba utekaji ule ulijibu pia swali ambalo wanasiasa walikuwa wakiwauliza madaktari wa Kenya kwa kejeli, la kwa nini hawataki kufanya kazi huko.

Mwaka 2024 mgogoro ulihamia kwa madaktari wanagenzi, wale wanaomaliza shule na kufanya mwaka wa mafunzo ya lazima kabla ya kupewa leseni. Mkataba wa 2017 uliwapa takriban shilingi 206,000 kwa mwezi. Serikali, ikitaja hali ya bajeti, ilitaka kuwalipa 70,000. Mgomo ulianza 14 Machi na kuisha 8 Mei, siku 56. Tazama muundo wake: mwanagenzi hupangiwa kituo na kulipwa na Nairobi, ila anafanya kazi katika hospitali ya kaunti, chini ya daktari wa kaunti. Asipopangiwa, hospitali ya kaunti hukosa mikono ya zamu ya usiku, lakini gavana hana uwezo wa kumwita. Kiwango cha 206,000 kilikuja kukubaliwa Desemba 2024.

Halafu kuna wale wahudumu wa mpango wa afya kwa wote: wauguzi, maafisa wa kliniki, wataalamu wa maabara na wengineo, maelfu yao, walioajiriwa kwa kandarasi na serikali kuu mwaka 2020, wakati wa Covid, na kupelekwa kaunti. Miaka 5 baadaye walikuwa bado wa kandarasi, na mwaka 2025 walipiga kambi nje ya Afya House wakidai ajira ya kudumu. Ufumbuzi wa wizara ulikuwa kuwahamishia kwenye orodha za mishahara za kaunti. Hoja waliyotoa magavana kujibu ni ileile ambayo wahudumu waligoma kwa ajili yake Desemba 2013 na wakaitwa wabishi: watu wasihamishwe kabla ya fedha za kuwalipa. Walisema hawapokei orodha hiyo mpaka waone mgao wake.